Uliza Bwana Miti: Amri ya serikali imefika jikoni

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na neno moja: mkaa. Nimezisoma barazani kwangu hapa Morogoro, milima ya Uluguru ikiwa mbele yangu, nikachagua nane. Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: nilisomea misitu katika chuo cha Olmotonyi, Arusha, nikafanya kazi hiyo miaka 31, mingi katika mikoa ya Morogoro na Pwani, na sasa ni mstaafu. Ninachoandika hapa ni changu, si cha ofisi yoyote.

*Shikamoo Bwana Miti. Mimi ni mama lishe, Mbagala. Nawapikia mafundi ujenzi na vijana wa bodaboda, sahani hamsini hivi kwa siku. Nyumbani tuko wanne, na mkaa wa kupikia chakula chetu tu unakula shilingi 2,000 kila siku. Kila nikifungua redio nasikia tuhamie gesi. Mtungi mdogo kuujaza ni 24,000. Hela hiyo kwa mkupuo naitoa wapi? Na je, nikiendelea na mkaa nitakamatwa?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hofu yako. Agizo la kuacha kuni na mkaa limezihusu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku: shule, vyuo, magereza, kambi na wengine wa aina hiyo. Sahani zako hamsini haziko humo. Jiko la nyumbani halijapigwa marufuku. Kilichopo kwa ajili yetu wa majumbani ni mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Hilo ni lengo, si kosa la jinai.

Sasa tupige hesabu yako pamoja, maana imenikaa moyoni tangu niisome. Shilingi 2,000 mara siku 30 ni 60,000. Mtungi wa kilo 6 kwa watu wanne wanaopika kwa uangalifu huenda wiki mbili mpaka tatu. Hata ukijaza mara mbili kwa mwezi ni 48,000. Kwa hiyo wewe, mwenye kipato kidogo, unalipia moto wako ghali kuliko jirani mwenye mtungi. Unajua hivyo, nina hakika. Mama lishe hafundishwi hesabu na mzee wa misitu. Unanunua mkaa kwa sababu mkaa unakubali kuuzwa kwa kopo, leo, kwa hela ya leo. Gesi inataka hela ya wiki tatu mkononi kwa siku moja. Anayesema wanawake wa mjini wameng'ang'ania mkaa kwa mazoea hajawahi kuishi kwa hela ya kutwa.

Hapo ndipo ninapotaka serikali iweke macho. Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukitoa mitungi kwa ruzuku ya nusu bei, na nimefurahi, maana kuna kaya zisingenunua mtungi kabisa. Lakini mtungi unanunuliwa mara moja, kuujaza ni kila mwezi. Nimeingia nyumba nyingi na kuukuta mtungi umekauka, umewekwa juu ya kabati pamoja na vyombo vya wageni, na jiko la mkaa linafuka uani. Ruzuku ilikwenda kwenye chuma. Ingekwenda kwenye gesi yenyewe, au kwenye namna ya kuiuza kidogo kidogo, mtungi ule ungekuwa sakafuni unafanya kazi.

Namna hiyo ipo. Dar es Salaam kuna mitungi inayofungwa mita: unalipia kwa simu shilingi 1,000 au 2,000, mita inafunguka, gesi ikiisha malipo inajifunga. Ndiyo gesi inayouzwa kama mkaa. Ulizia kama imefika mtaani kwenu. Kama haijafika, mchezo wenu wa akina mama wa kuchangiana hela utumieni kwa hili: watu kumi, kila mmoja 2,500, kila siku tatu mmoja anajaza mtungi. Na kwenye genge lako, maharage na makande yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, ndipo ubandike. Utapunguza muda wa moto kwa kiasi utakachokiona mwenyewe kwenye gunia.

*Mzee, shikamoo. Nina miaka 27, nachoma mkaa huku porini, mkoa wa Tanga. Nimekamatwa mara mbili, mara ya pili wamechukua na baiskeli. Nimehangaikia kibali mpaka nimechoka, nikienda naambiwa rudi kesho. Mvua ikikosekana mahindi hayatoki, mkaa ndio unaonilisha mimi na mama yangu. Redioni mnatuita waharibifu wa mazingira. Sasa mimi nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu nina deni na vijana kama wewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa nchi nzima. Mimi nilikuwa zamu kwenye geti la mazao ya misitu, barabara kuu. Marufuku ile ilidumu wiki chache tu; mjini mkaa ukaadimika, bei ikaruka, ikaondolewa. Lakini katika wiki zile sisi tulikuwa na amri mkononi na tuliitekeleza. Usiku mmoja nikamkamata kijana amepita nyuma ya geti na baiskeli ya Phoenix yenye magunia matatu, anaisukuma kwa fimbo kupandisha kilima, jasho linamtoka kwenye baridi. Akaniambia, "Mzee, chukua mkaa wote, niachie baiskeli." Nilichukua vyote viwili. Sheria iliniruhusu.

Miezi michache baadaye, marufuku imeshaondoka, likaja lori mchana kweupe. Hati ya kusafirishia ipo, mhuri upo, ushuru umelipwa, magunia nimeyahesabu yamelingana na karatasi. Karatasi ilitaja kijiji ambacho nilikifahamu vizuri: kilikuwa mashamba ya mkonge matupu, hakina msitu. Karatasi ilikuwa kamili, nikafungua geti. Lori moja lile lilibeba kazi ya baiskeli nyingi sana. Nimeishi na usiku ule na mchana ule mpaka leo, na ndiyo maana nikiulizwa kama serikali isimamie mkaa nasema ndiyo, isimamie sana, ila isiwe inamsubiri mtu wa baiskeli kwenye kilima.

Mahali pa kusimamia ni msituni, kabla shoka halijaingia. Na msitu huo ni wa nani? Karibu nusu ya misitu ya Tanzania Bara iko kwenye ardhi ya vijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuutangaza kuwa hifadhi ya kijiji, kuweka sheria ndogo na kukusanya mapato yake. Neno hilo limo kwenye sheria tangu wakati huo, na wachoma mkaa wengi niliowakamata hawakuwahi kuambiwa.

Nikueleze nilichokiona Kilosa kuanzia mwaka 2012. Vijiji kadhaa, vikisaidiwa na mashirika ya uhifadhi wa misitu, vilipima ardhi yao, vikatenga msitu, na ndani ya msitu vikatenga sehemu ndogo ya kuchomea mkaa. Sehemu ile ikagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, kama ubao wa drafti: unakata kitalu kimoja, cha jirani unakiacha kimesimama. Kitalu kilichokatwa kinapumzika miaka 24. Mninga na mpingo haviguswi, ni mbao. Kando ya mto huingii. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji, na pale wanakijiji wenyewe walikuwa wanapima. Kila gunia lililotoka lililipiwa kijijini. Hela ile ikajenga madarasa na zahanati, ikachimba visima. Niliwaona wachoma mkaa wa pale wakimkimbiza mwizi wa miti kutoka kijiji jirani, jambo ambalo mimi na wenzangu wenye sare tulilishindwa miaka mingi. Walikuwa na sababu: mti ule ulikuwa chumba cha darasa cha mtoto wao.

Sitakuficha kwamba kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019 utaratibu wa vijiji vile uliyumba, na biashara yao ikapungua. Hilo liliniuma kuliko marufuku ya 2006. Marufuku nilijua haitadumu. Hiki kilikuwa kitu kinachofanya kazi, na kanuni iliyoandikwa mbali na kile kitalu cha mita 50 ikakitikisa.

Kwa upande wako: usiende tena ofisini peke yako kama mtu anayeomba fadhila. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, omba jambo liingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu. Ulizeni mbele ya watu mambo matatu. Je, kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi? Je, kuna msitu uliotangazwa kuwa hifadhi ya kijiji? Je, kamati ya maliasili ipo, na mara ya mwisho ilikaa lini? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Ofisi iliyomzungusha mtu mmoja inapata shida kuuzungusha muhtasari wa kijiji wenye mhuri.

Na tanuri lako lichunge. Kwenye tanuri la kienyeji lililofukiwa haraka haraka, magogo ya kilo 100 hutoa mkaa kilo 10 hadi 20, mengine yote ni moshi na majivu. Magogo uyaache yakauke wiki kadhaa, uyakate urefu unaolingana, uyapange bila kuacha mapengo, ufukie udongo kwa unene ulio sawa, uweke bomba la bati la kutolea moshi, na usilale tanuri likiwa limetoboka. Mchomaji anayekesha na tanuri lake anapata magunia zaidi kwa miti ileile. Hiyo miti unayoibakiza ni yako ya mwakani.

*Mimi ni mwanafunzi wa uchumi, Dar es Salaam. Kwa heshima zote, mzee wangu, kwa nini serikali iingilie jiko la mtu? Mkaa ukipungua bei itapanda, watu watahama wenyewe kwenda gesi na umeme. Soko lina akili kuliko wizara.*

Mwanangu, nimependa umeuliza bila kuzunguka. Ila serikali haikuanza leo kuingia jikoni. Ilikuwamo tangu zamani, na inaingia kwa kodi na bei.

Tazama Kenya. Mwaka 2016 waliiondolea gesi ya kupikia kodi ya ongezeko la thamani. Julai 2021 wakairudisha, asilimia 16. Mwaka uliofuata wakaipunguza ikawa 8, na 2023 wakaiondoa tena. Sasa fikiria mama wa Nairobi au Mombasa aliyehamia gesi 2017, akafukuzwa na kodi 2021, akaitwa tena 2023. Katikati ya miaka hiyo hiyo, kuanzia Februari 2018, Kenya ilikuwa imezuia ukataji wa miti kwenye misitu ya umma, na mkaa ulikuwa umepanda bei. Mkono mmoja ulimwondoa kwenye mkaa, mwingine ukapandisha gesi. Soko halikufanya hivyo, walifanya watu waliokaa mezani. Ndiyo maana nataka meza hiyo ifanye kazi vizuri, na sioni faida ya kuifuta.

Njoo kwetu. Mteja mdogo wa umeme wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, amekuwa akilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Akizidi hapo, uniti za juu ni kama 350. Bei ile ya chini iliwekwa kwa huruma, kumsaidia mnyonge awashe taa. Lakini mnyonge huyo akinunua jiko la umeme la presha anavuka uniti 75 na kuingia kwenye bei ya wenye friji mbili. Kwa hiyo anapika kwa mkaa ili umeme wake ubaki wa bei nafuu. Hakuna aliyekusudia hivyo, na ndivyo ilivyo. Nyumbani kwetu jiko la presha linaivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Mke wangu aliweka karatasi ukutani akawa anaandika namba za luku kabla na baada. Chakula hicho kwa mkaa kingekula zaidi ya shilingi 1,000. Tuna bwawa la Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115. Kama kuna mahali pa kurekebisha sera kwa kalamu tu, bila kujenga kitu, ni kwenye zile uniti 75: mwenye jiko la umeme aongezewe nafasi katika bei ya chini.

Sasa soko lako. Bei ya gunia hapo Manzese ina ndani yake jasho la mchomaji, nauli ya lori, ushuru, faida ya dalali na ya muuzaji. Mti wenyewe, miaka yake 24 au zaidi, mara nyingi haumo. Maji hayamo. Dar es Salaam mnakunywa Ruvu, na Ruvu inaanzia kwenye milima hii ninayoiangalia. Oktoba 2022 mlipogawiwa maji kwa zamu, mvua zilikuwa zimekosekana, hilo halina ubishi. Lakini mlima wenye msitu huyashika maji ya mvua ya nyuma na kuyaachia taratibu wakati wa kiangazi. Mlima uliochomwa huyatupa yote siku hiyohiyo pamoja na udongo. Hakuna dalali wa Manzese anayeweza kuliweka hilo kwenye bei ya gunia hata akiwa mwema. Serikali ndiyo inayoweza. Nchi hii inapoteza zaidi ya hekta 469,000 za misitu kwa mwaka kwa takwimu za serikali yenyewe, na si mkaa peke yake, mashamba yamo, mifugo imo, moto umo. Kusubiri bei ipande mpaka watu wahame ni kusubiri miti iishe.

*Bwana Miti, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni mosi 2019 na ikaondoka madukani. Kenya waliitangulia 2017. Kwa nini mkaa usifanyiwe hivyohivyo? — Msomaji, Dodoma*

Kwa sababu mifuko ilitoka viwandani na bandarini, milango michache inayojulikana, na asubuhi ya siku ya pili mtu alikuwa na kikapu, au mfuko mbadala wa bei ya chini. Hakuna aliyelala njaa kwa kukosa mfuko. Mkaa unatoka kwenye maelfu ya matanuri yaliyofukiwa porini, na siku ukiuondoa bila kitu mahali pake, jioni ile sufuria haiivi. Mwaka 2006 tulishajaribu.

*Shikamoo babu. Gesi ipo Mtwara na Songo Songo, bomba limefika Dar. Kwa nini mitungi tunayonunua ina gesi inayotoka nje kwa meli? Kuna mtu anatudanganya? — Fundi umeme, Lindi*

Marahaba. Swali hili huulizwa kila mara, na watu wana haki ya kukasirika kama hawajaelezwa. Gesi hizo ni mbili tofauti. Ya Songo Songo na Mnazi Bay karibu yote ni metheni. Metheni haikubali kugeuka kimiminika kwenye mtungi wa kawaida, hata uisukume vipi, mpaka uipoze chini kabisa, mbali sana chini ya sifuri. Ya kwenye mtungi ni propani na butani, ambazo zikibanwa kidogo tu hugeuka kimiminika, ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia kitu kinacheza ndani. Gesi yetu ina propani na butani kidogo mno kuweza kujaza mitungi ya nchi.

Gesi yetu inapikia, lakini kwa bomba mpaka jikoni. Zipo nyumba Mtwara, Lindi na baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam zilizounganishwa, na wenyewe huwezi kuwarudisha kwenye mkaa. Bomba kubwa kutoka Mtwara lilikamilika 2015. Mabomba madogo ya mitaani ndiyo yamekwenda pole pole, kwa sababu kuchimba mtaa uliokwisha kujengwa ni ghali, na kila kiwanja kina fundi wake wa maji aliyepitisha bomba anakojua mwenyewe. Wewe ni fundi wa Lindi: viwanja vipya vikipimwa kwenu, simama kwenye mkutano udai njia ya bomba la gesi iwekwe kwenye ramani pamoja na ya maji. Ikishajengwa nyumba juu yake umechelewa.

*Mheshimiwa, mimi ni mkuu wa shule ya bweni, wanafunzi 640. Tulikuwa tunatumia kuni, lori zima kila baada ya wiki chache. Tumeagizwa kuacha. Wauzaji wanakuja kila siku: gesi, mkaa mbadala, biogesi. Nichague nini?*

Mwalimu, kwa shule ya ukubwa huo gesi ya tangi kubwa lililo nje ya jengo ndiyo rahisi kuianza. Muuzaji huleta tangi na majiko, nanyi mnalipa kwa kilo. Soma mkataba kipengele cha bei: ipande kwa kufuata nini, na kwa taarifa ya siku ngapi? Na tangi likiharibika ni la nani? Biogesi ni nzuri kama mna ng'ombe. Vyoo vya wanafunzi peke yake havitaivisha ugali wa watoto 640, asikudanganye mtu. Mkaa mbadala kama ule unaotengenezwa na STAMICO, shirika la madini la taifa, kwa makaa ya mawe ya mgodi wa Kiwira unaokoa miti, nami kama mtu wa misitu nimeupokea kwa hilo. Lakini ni makaa ya mawe bado. Ukiuchagua, jiko liwe na bomba la moshi linalotoka juu ya paa, na mpishi asikae na moshi ule ndani ya jengo lililofungwa.

Kabla ya kusaini chochote, mwite mpishi mkuu wako akae mezani. Nimeona jiko la mamilioni limegeuzwa stoo ya viazi kwa sababu masufuria ya lita 200 hayakukaa juu yake.

*Tunalala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi. Mume wangu anasema moshi ukishakwisha hakuna hatari. — Mama wa watoto wawili, Njombe*

Mkaa usiotoa moshi ndio unaoua. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, inakulaza usingizi usioamka. Litoeni nje usiku wa leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Aliyeumwa kichwa au kutapika asubuhi baada ya kulala na jiko apelekwe hospitali, msimpe maziwa mkasubiri.

*Shikamoo Babu Miti. Mimi niko darasa la nne. Mwalimu alisema mti ukikatwa umekufa. Lakini nyuma ya nyumba kwetu kisiki kimeota majani. Nani kasema kweli?*

Marahaba, mjukuu wangu. Wewe umeona kweli. Miti mingi ya miombo, kama myombo na mtondoro, ikikatwa haifi. Mizizi yake iko hai chini, na mvua za kwanza zikinyesha kisiki hutoa machipukizi mengi kwa pamoja. Mbuzi wasiyale, moto usipite juu yake, na asije mtu kung'oa kisiki. Baada ya mwaka mmoja au miwili mwombe baba akuoneshe namna ya kupunguza: bakizeni machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine myakate yawe fito.

Chukua uzi, uzungushe kwenye chipukizi nene kuliko yote, upime kwa rula, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Fanya hivyo kila mwaka siku ya kufunga shule. Ukinitumia namba zako nitazichapisha hapa.